Meli ya Mataliki: safari ya Apia hadi Tokelau

Tokelau, nchi ya visiwa katika Bahari ya Pasifiki, haina uwanja wa ndege. Atoli zake tatu (visiwa vya matumbawe vyenye umbo la pete), Fakaofo, Nukunonu na Atafu, ziko takriban kilomita 500 kaskazini mwa Samoa, na msafiri hupandia meli bandarini Apia, mji mkuu wa Samoa. Meli yenyewe ni Mataliki, jina la nyota za Kilimia kwa lugha ya huko. Safari ya kutoka Apia hubeba abiria 60 tu, kwa hiyo nafasi iwekwe mapema sana.

Kufika Fakaofo ni mwendo wa kama saa 24. Atafu huongeza saa kadhaa. Dawa ya kichefuchefu imezwe kabla ya kung'oa nanga, kwani baada ya kutapika haikai tumboni.

Meli ni imara. Taabu iko kwenye kushuka. Nje ya mwamba wa matumbawe bahari ina kina kirefu mno kwa nanga, hivyo meli huelea huku abiria na shehena wakihamishiwa kwenye matishari ya alumini, yanayopenya mlango uliochimbwa mwambani. Mawimbi yakipanda, kazi husimama. Funga vitu ndani ya mifuko isiyopitisha maji, mikono yote miwili ibaki mitupu ya kushikia. Kwa sababu hiyohiyo ratiba huteleza. Ndege ya kuondoka Samoa usiikatie tiketi ya siku ya kurudi meli.

Kibali huombwa ofisi ya Tokelau iliyoko Apia, na baraza la wazee la atoli, Taupulega, lazima likubali. Uwe na mwenyeji na tiketi ya kurudi. Chukua dola za New Zealand taslimu, maana mashine za kutolea pesa hakuna.

Anayejiandaa kwa ramani kuukuu asichanganyikiwe. Baharia Mwingereza John Byron aliiita Atafu Duke of York mwaka 1765. Nukunonu ikawa Duke of Clarence mwaka 1791, Fakaofo ikawa Bowditch mwaka 1841, na zote pamoja zikaitwa Visiwa vya Union. Jina la wenyeji lilirejeshwa rasmi mwaka 1946 kama Visiwa vya Tokelau, likafupishwa kuwa Tokelau mwaka 1976. Maana yake ni upepo wa kaskazini, na ni haki kabisa lilivyorudi.

Safari huwa kama kila wiki mbili. Mwenye likizo ya wiki moja asijaribu; mwenye mwezi mzima, hii ndiyo meli yake.