Fundi umeme wa magari, Chake Chake, Pemba, upande wa Gombani: anapima kabla hajakuuzia kitu

Mimi napeleka boflo, yaani mikate. Saa kumi alfajiri natoka kwenye tanuri Wete, makreti yamejaa nyuma ya RAV4 yangu ya 1997, nagawa maduka ya Konde mpaka Micheweni. Kazi yangu yote ni ya kizani. Msimu wa karafuu ndio zaidi, maana wachumaji wanakuwa njiani mapema, makundi kwa makundi, wengine wameshika watoto mkono, na ng'ombe nao wamejilaza pembeni mwa lami. Taa za mbele kwangu ni roho za watu.

Ya kushoto ilianza kufifia taratibu, mwanga wa manjano kama kibatari. Nikapeleka gereji moja ya karibu. Fundi akazungumza na mwanangu wa miaka 17, si na mimi mwenye gari na mwenye kulipa. Akasema globu zimechoka, akatia mbili "za kuangaza mbali", shilingi 45,000. Hakupima chochote. Ziliangaza kweli, karibu wiki tatu. Halafu alfajiri moja, nimeshaipita Konde, zikazima zote mbili kwa pamoja. Fulu, ule mwanga wa mbali, hamna; dimu, ule wa karibu, hamna. Taa ndogo zinawaka, honi inalia, injini haina neno. Nikasogea pembeni, nikawasha indiketa zote, nikakaa humo mpaka kukapambazuka. Maduka matatu siku ile yalichukua boflo kwa mtu mwengine.

Dereva mmoja wa daladala ndiye aliyenielekeza kwa huyu fundi wa Chake. Sehemu yake haina kibao. Ni mwembe, meza ya mbao na betri kuukuu zimepangwa ukutani. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akaniambia, "Mama, globu mbili haziungui dakika moja. Zikizima pamoja, tutafute kile wanachokula pamoja." Akimaanisha fyuzi, rilei (kiswichi kinachowashwa kwa umeme na kubeba mzigo wa taa), swichi ya usukani na waya hasi unaofungwa kwenye bodi. Neno hilo moja lilinifumbua macho kuliko maelezo yote niliyopewa kabla.

Akaanza na fyuzi, nzima. Akachomoa rilei ya taa, akapachika pale rilei ya honi iliyofanana nayo. Taa zikawaka! Kwa hiyo kosa tumelipata ndani ya robo saa, na mwengine angeishia hapo akapokea pesa. Yeye akaifungua ile rilei mbovu, akanionesha vidole vyake vya ndani vimeungua vyeusi. Akauliza ni globu gani zimo. Akatoa moja, akanisomesha maandishi yake: 100/90. Gari hii imetoka kiwandani na globu za H4 za wati 60 kwa fulu na 55 kwa dimu. Akanifanyia hesabu kwa chaki juu ya meza: dimu mbili za 55 kwenye umeme wa volti 12 zinavuta kama ampia 9, mbili za 90 zinavuta 15. Waya ni zile zile, rilei ni ile ile. Soketi ya kulia plastiki yake ilikuwa imeshaanza kuyeyuka, nami nilikuwa naendesha hivyo hivyo kila siku.

Lakini kilichonifanya niandike ni taa ya kushoto. Nilimwambia tangu mwanzo ilikuwa hafifu kuliko mwenzake. Akawasha injini, akaweka mita kwenye betri: 14.1. Akapima kwenye soketi ya kushoto taa ikiwa inawaka: 11.3. Karibu volti tatu zimepotea njiani. Akanipa mita niishike mwenyewe, akaweka ncha moja kwenye waya hasi wa globu na nyengine kwenye betri, na pale pale tukaona zaidi ya volti mbili, mahali ambapo panatakiwa pawe karibu na sifuri. Waya ule unafungwa kwa bolti kwenye bodi nyuma ya taa, na bolti ilikuwa imeota kutu. Sisi tunaishi na upepo wa chumvi pande zote, chuma hakisalimiki. Akafungua, akapiga msasa mpaka bati likang'aa, akakaza, akapaka grisi juu. Tukapima tena: 13.5. Kumbe globu zangu za mwanzo hazikuwa na ila yoyote.

Rilei mpya Chake haikupatikana, ikabidi iagizwe Unguja ije na boti Mkoani, siku tatu. Nikamsihi aunganishe moja kwa moja bila rilei nipate kufanya kazi. Akakataa katakata, akasema mzigo wote utaangukia swichi ya usukani, na swichi hiyo ikiungua moshi unaanzia mapajani mwangu. Nilikasirika siku ile. Leo namshukuru.

Akarudisha globu za 60/55, akizishika kwa kitambaa, maana mafuta ya vidole kwenye kioo chake yanakifanya kipate moto sehemu moja na kupasuka. Akabadilisha soketi zote mbili. Kisha jambo ambalo sijawahi kuona fundi akilifanya: akaniambia nirudi magharibi na makreti yangu yamejaa kama siku ya kazi. Gari ikielemewa nyuma, pua inainuka na taa zinawapiga machoni wanaokuja. Akaisimamisha mbele ya ukuta, akateremsha mwanga kwa skrubu za nyuma ya taa mpaka akaridhika.

Nililipa shilingi 52,000, spea na kazi pamoja. Hatoi risiti usipoidai, simu hapokei akiwa na mkono ndani ya gari, na kiti cha kusubiria ni kimoja tu, kwa hiyo nendeni asubuhi. Ijumaa hafungui mpaka baada ya sala.