Canon G3411: printa ya matangi kwa nyumba yenye tuisheni

Nafundisha tuisheni ya Biolojia na Kemia nyumbani, Tabata. Watoto wanataka mitihani ya majaribio, na steshenari ya mtaani kwetu kopi moja ni shilingi 100, ukurasa wa rangi 500. Mchoro wa moyo bila nyekundu na bluu haufundishiki, kwa hiyo nikaamua kununua printa.

Zile za katriji sikuhangaika nazo. Mashine wanakuuzia rahisi, kisha unakamuliwa kwenye wino, na mwisho wake unamtafuta fundi akujazie kwa bomba la sindano. Epson waliliona hilo mapema. Mwaka 2010 walianza kuuza Indonesia printa yenye matangi yake ya wino kutoka kiwandani, unayoyajaza kwa chupa, kwa sababu huko mafundi walishazoea kufunga matangi ya pembeni. Canon wakaja na mfululizo wa G, HP na Smart Tank, Brother nao wakaingia. Sasa ukifika dukani zote zimepangwa sura moja, na muuzaji anakusifia ile anayotaka iondoke.

Mimi nilikwenda na swali moja: wino mweusi ni wa aina gani? Upo unaoyeyuka kabisa kwenye maji na kuzama ndani ya karatasi. Huo kwenye karatasi ya picha unapendeza sana, ila ukilowa unasambaa. Na upo wa chembechembe laini, unaokaa juu ya karatasi na kung'ang'ania hapo. Epson L3250, ambayo Kariakoo utaikuta karibu kila duka, inatumia wino 103, rangi zote nne za aina ile ya kwanza. Kama kazi yako ni picha za pasipoti na kadi za harusi, nenda nayo. G3411 mweusi wake ni wa chembechembe, rangi tatu zilizobaki ni za kuyeyuka. HP Smart Tank nyingi nazo zimegawanywa hivyo hivyo.

Muuzaji alinichapia ukurasa wa majaribio kwa G3411. Nikaupepea ukauke, nikadondosha tone la maji ya chupa juu ya neno moja jeusi, nikasugua kwa kidole gumba. Karatasi ikaanza kutoka manyoya, herufi ziko palepale. Tone la pili nikaliweka kwenye mstari wa bluu. Ukatambaa hadi ukingoni. "Mama, unanunua printa au unafua?" akaniuliza. Nilimwambia aje masika aone karatasi za wanafunzi zinavyofika nyumbani, zimebanana kwenye begi na chupa ya maji isiyofungwa vizuri.

Kuhusu gharama: chupa nyeusi ya GI-490, ndio wino wa G3411, ina mililita 135, kiwanda kinasema kurasa 6,000. Hizo ni kurasa zao zenye maandishi mepesi. Zangu zina michoro na majedwali, kwa hiyo nakata nusu kabisa. Chupa naipata kwa elfu arobaini. Hata kwa kurasa 3,000, wino ni kama shilingi 13 kwa ukurasa. Inayokula hela sasa ni rimu. Chupa za rangi ni mililita 70 kila moja, na mwaka wa kwanza usizinunue za akiba, utazitunza tu kabatini. Kagua muhuri pia. Duka moja walinipa chupa iliyobandikwa lebo upande, wino ukitikiswa unacheza kama chai ya rangi. Niliirudisha kaunta bila mjadala.

Kujaza kunataka utulivu. Unafungua kifuniko cha tangi, unatoa kizibo cha raba na kukilaza juu ya tishu, unaminya chupa polepole. Usivae nguo nyeupe.

Jambo la kuliogopa ni tangi kukauka. Printa hizi za Canon hupasha wino joto hadi utoe povu linalorusha tone, na kichwa, yaani sehemu inayorusha wino kwenye karatasi, kikichapa bila wino kinaungua. Hakuna taa itakayokuambia kwa uhakika. Unatazama kwa macho, wino usishuke chini ya mstari. Afadhali vichwa ni viwili na vinachomoka, kila kimoja kinabadilishwa peke yake. Epson wao wanasukuma wino bila joto, vichwa vyao ni vigumu kufa, ila kubadilisha ni kazi ya fundi.

Na izime kwa kitufe chake, sio ukutani. Ukizima kwa kitufe, kichwa kinarudi kwenye kifuniko chake. Umeme ukikatika katikati ya kazi kinabaki wazi, kwa hiyo ukirudi tu, iwashe na uizime upya hata kama huna cha kuchapa.

Haigeuzi karatasi yenyewe, unageuza rundo kwa mkono. Skana ni ya kuweka karatasi mojamoja, inatosha kwa kitambulisho na cheti cha kuzaliwa, haitoshi kwa daftari zima. Skrini ya mashine ni ndogo, inaonyesha tarakimu na alama tu. Waifai inayo, ndugu yake G2411 haina, msichanganye mkaona mmepata punguzo.

Ukikuta G3420, hiyo ni toleo jipya zaidi, na kisanduku chake cha kupokea wino mchafu unakibadilisha mwenyewe. Ila wino wake ni GI-41. Chupa zangu za GI-490 haziingii humo, kwa hiyo soma namba iliyoandikwa kwenye mashine kabla ya kulipia chupa.