Sufuria yangu ya pilau iko stoo Nanjing

Kama umepata udhamini wa kwenda kusoma Nanjing na unataka kujua posho ni kiasi gani au chumba mnalala wangapi, ulizia pengine. Mimi nina jambo moja tu la kusema, nalo linahusu sufuria.

Nilikwenda kwa moyo mweupe. Kwetu Unguja jina la Nanjing si geni: madaktari wa Kichina wa hospitali ya Mnazi Mmoja wanatoka mkoa wa Jiangsu, wanapokezana tangu 1964, na Nanjing ndiyo makao makuu ya mkoa huo. Bibi yangu alitibiwa na mmoja wao na mpaka anakufa alikuwa akiwaombea dua. Basi barua ya chuo ilipotaja "kubadilishana utamaduni" mara sijui ngapi katika ukurasa mmoja, nikaamini. Ujinga wangu.

Mwaka wa kwanza, majani ya ile miti mikubwa ya barabarani yakiwa yameanza kumwagika, ofisi ya wanafunzi wa kigeni ikatutumia tangazo kwenye kundi la WeChat: Siku ya Utamaduni, kila nchi ilete chakula cha kwao, wapike wanafunzi wenyewe. Chini, muhuri mwekundu wa duara. Nikasema hapa ndipo pangu. Nilikuwa na karafuu za Pemba ambazo mama alizifunga kwenye kipande cha kanga, na iliki, mdalasini, bizari nzima. Nilikuwa na sufuria ya umeme ya kupikia wali, niliyouziwa na dada mmoja wa Kisudani aliyemaliza masomo. Usiku wa kuamkia siku yenyewe nikajaribu kidogo tu, nione mchele wa kule unakunywa maji kiasi gani, maana wanaopenda wao unanata, na pilau la kunata unampa nani?

Vitunguu vikageuka rangi, harufu ikatoka chumbani, ikapita ukumbini, ikashuka ngazi. Ikaniletea ayi.

Ayi ndivyo tunavyowaita akina mama wanaolinda mabweni. Kwetu ungesema mama mdogo. Hakubisha hodi, ana ufunguo wa kila chumba. Akachomoa waya ukutani, akafunua kifuniko, akainama, akanusa. Uso ukamlainika. "Dingxiang," akasema. Karafuu! Kaijua kwa pua tu. Nikacheka, nikadhani tumeelewana, nikageuka kutafuta sahani nimpakulie. Kugeuka tena, kaishaifunika sufuria, kaikumbatia kwa taulo langu, na pilau langu ndani, anatoka nayo. Mlangoni akaongea na simu yake, kisha akanielekezea kioo nisome. Imetafsiri: unataka kuwaunguza watu, hukulelewa.

Hukulelewa. Sijui kwao neno hilo lina uzito gani, labda ni la kusemwa asubuhi na kusahauliwa mchana. Kwetu mtu akikwambia hukulelewa hajakutukana wewe, kamtukana mama yako. Na mama yangu ndiye aliyezifunga zile karafuu. Nilikaa kitandani nikalia, na vitunguu bado vinanukia kwenye mapazia.

Asubuhi nikaenda ofisini. Kijana wa pale, mpole, miwani, chai yake mkononi, akanifungulia karatasi ya kanuni: vifaa vya umeme vya kupikia ni marufuku bwenini. Chini, muhuri ule ule mwekundu. Nikaweka simu yangu kando ya karatasi yake, mihuri miwili sare sare. Nikamuuliza, sasa nipike wapi? Jikoni. Jiko liko wapi? Bweni halina jiko. Kwa hiyo? Akatabasamu akaniambia "jiayou". Ni neno lao la kumtia mtu moyo, lakini ukilichambua maana yake ni ongeza mafuta. Niongeze mafuta kwenye nini, kaka yangu, wakati sufuria mmenichukulia?

Niwe mkweli, kanuni yenyewe sina ugomvi nayo. Ghorofa nyingi, nyaya za zamani, moto ukishika hakuna atakayesema ni utamaduni. Ugomvi wangu ni kuniagiza pilau kwa mkono huu na kunipokonya sufuria kwa mkono ule, kisha kuniona mimi ndiye sina adabu.

Aliyeniokoa hakutumwa na ofisi yoyote. Nyuma ya chuo kuna kimgahawa cha tambi za kuvuta kwa mkono, cha Wahui, yaani Waislamu wa Kichina, waliotoka mkoa wa Qinghai. Nilizoea kula pale kwa sababu ya maandishi ya halali mlangoni. Nikamweleza mwenyewe kwa Kichina changu cha kuokoteza na mikono mingi. Akanitazama, akamwambia mkewe kitu, wakanipisha kwenye jiko kubwa la gesi kabla wateja hawajaanza kumiminika. Nyama akanipa yeye, ya kondoo, bei ya kununulia. Lilipoiva akachota kwa vidole, akatafuna taratibu, akasema hili ni zhuafan, wali wa kula kwa mkono kama wa Xinjiang, ila lako limenukia zaidi. Nikamwambia kwetu pia tunakula kwa mkono. Tukala watatu tumesimama, hakuna aliyetupiga picha.

Kwenye maonyesho, mkubwa mmoja akaja mezani kwangu, akashika kijiko, mpiga picha akamwomba arudie, akarudia, akakiweka chini bila kuonja. Nilitaka kumwaga sinia. Halafu akatokea mzee wa kofia ya sufu, akasoma kibao changu, akasema "Jambo! Mnazi Mmoja!" Alikuwa daktari kule, zamani. Akaniuliza soko la Darajani bado lipo? Akala sahani mbili na ya tatu akamfungia mkewe. Hapo nikasema basi, nimesamehe, Nanjing ni nyumbani.

Usiku nikarudi bwenini, nikamkuta ayi kwenye kiti chake, nikamdai sufuria. "Mingtian," akasema. Kesho. Nikasamehua.

Kwa hiyo nikiulizwa nasema usiende. Au nenda, mji ni mzuri, watu wa mitaani ni watu, lakini hilo neno la utamaduni kwenye barua lisikutoe machozi ya furaha. Na blanketi chukua zito, Nanjing nyumba zake hazina joto la mabomba kama kaskazini, Januari utaijua.

Nilidai sufuria muhula mzima. Mingtian, mingtian. Siku moja kabla ya likizo nikamkuta ameshika shavu, limevimba. Akanionyesha jino, kisha akanyoosha kiganja: "Dingxiang?" Nikapanda chumbani, nikafungua kile kipande cha kanga, nikamhesabia punje saba. Akatia moja kinywani, akafumba macho.

Sufuria bado iko stoo.