Boksi la kwanza lisikufungie njia ya la pili: spika za besi kwa mnunuzi wa Kampala

Malalamiko mnayonitumia yanafanana mno. Boksi la pili la spika limenunuliwa kwa michango, kipindi cha sifa kanisani kimepamba moto, mara sauti ya gitaa la besi inakatika. Mnasubiri kidogo, inarudi, inakatika tena. Fundi wa jirani anakuja, anatikisa kichwa na kusema ampu ni feki. Mara nyingi si feki. Ampu inajilinda, kwa sababu imebebeshwa mzigo ambao haikutengenezewa.

Kwa hiyo magurudumu, vishikio na rangi ya kitambaa cha mbele mtajiamulia wenyewe. Wati nazo nitazipitia haraka, maana wauzaji wetu wanazijua kupita kiasi: boksi la spika moja ya inchi 15 linabandikwa stika ya wati 3,000 na hakuna anayeona haya. Soma namba iliyo karibu na herufi RMS, yaani wati ambazo spika inazimudu mfululizo. Kama RMS haipo, hiyo namba ni ya stika, si ya spika. Ninachotaka tukikalie leo ni omu, kipimo cha jinsi spika inavyouzuia umeme: namba ikiwa ndogo, mzigo wa ampu ni mkubwa.

Ampu nyingi za besi za siku hizi, zile nyepesi zisizo na valvu, mwisho wake ni omu 4. Imeandikwa nyuma, karibu na tundu la spika. Boksi moja la omu 8, hakuna shida. Mawili ya omu 8 yanakuwa omu 4, umefika kikomo na uko salama. La omu 8 ukiongeza la omu 4, unapata kama omu 2.7. Mawili ya omu 4 yanakupa 2, na hapo ndipo ampu inapochemka na kuzima. Wapo wanaoamini kwamba ukipitisha waya kutoka boksi la kwanza kwenda la pili, badala ya kutoa nyaya mbili kwenye ampu, hesabu inabadilika. Haibadiliki. Yale matundu mawili nyuma ya boksi yameunganishwa sambamba humo ndani.

Muuzaji atakwambia chukua la omu 4, "lina nguvu zaidi". Ni kweli nusu. Fender Rumble 500, kwa mfano, inatoa wati 350 ikiwa na spika zake za ndani za omu 8, na inafika 500 ukiiongezea boksi la nje la omu 8. Lakini kutoka 350 hadi 500 ni kama desibeli moja na nusu, na mtu aliyekaa kiti cha nyuma hatageuza hata shingo. Kinachomfikia ni koni, ile sehemu ya mbele ya spika inayotikisika, kuongezeka na kusukuma hewa zaidi. Ukinunua omu 4 leo, umenunua hizo wati na umejifungia mlango wa boksi la pili. Ndiyo maana boksi la kwanza liwe omu 8.

Sasa kuna jambo ambalo sijaona mtu akiliangalia dukani: lebo ya nyuma ni ya kiwanda, ila spika zilizomo ndani huenda si za kiwanda. Mitumba mingi imeshafunguliwa na fundi. Spika iliungua, akaweka iliyopatikana, pengine ya gari, ambayo kwa kawaida ni omu 4. Lebo bado inasema 8.

Dawa yake ni multimita, ile ya bei ndogo ya mafundi umeme. Chomeka waya wa spika kwenye boksi, upande wa pili uwe wazi, bila ampu. Weka kipimo kwenye omu 200. Ncha moja iguse kichwa cha jeki, nyingine iguse shina lake. Boksi zima la omu 8 litasoma kama 6, wakati mwingine 5.5, wakati mwingine 7. Usishtuke kuona chini ya 8, ndivyo koili, ule waya uliozungushwa ndani ya spika, inavyopimwa kwa betri. La omu 4 litasoma 3 na kitu. Ukipima boksi la spika nne lililoandikwa omu 8 ukaona 12, au 9, jua kuna spika imekufa humo, na kutegemea zilivyofungwa, huenda imekwenda na mwenzake. Kisha toa neti ya mbele, weka vidole pande zote za koni, isukume taratibu. Ikikwaruza, koili inasugua. Rudisha neti, shukuru, ondoka.

Sasa mpangilio wangu, na sifichi kwamba mimi ni mtu wa Fender.

Namba moja ni boksi mbili za spika mbili za inchi 10, kila moja omu 8. Rumble 210 ndiyo ninayoipenda: unanunua moja sasa, nyingine pesa ikipatikana. Kwa kikao kidogo unabeba moja. Inchi 10 zinatamka kila noti, na anayepiga sebene la Kikongo anajua kwa nini nasema hivyo. Hartke HyDrive, zenye koni ya karatasi na alumini, nazikubali pia, ila zinang'ata zaidi kwenye sauti za juu.

Namba mbili ni spika nne za inchi 10, omu 8. Sauti kubwa, lakini uwe na watu wa kubeba.

Namba tatu ni inchi 15 peke yake. Nzuri kwa kanisa dogo. Shida inaanza mtu anapoiweka pamoja na boksi la spika nne. Zote zikiwa omu 8 zinagawana wati nusu kwa nusu, kwa hiyo ile moja inakula sawa na zile nne, na yenyewe ndiyo itakayoanza kukoroma. Hesabu uwezo kwa boksi dhaifu, zidisha mara mbili, ishia hapo.

Namba nne ni Ampeg ya spika nane, ile ya ampu ya SVT iliyoanza 1969. Naiheshimu. Ina kilo 63 na ni omu 4, kwa hiyo ukiwa nayo hakuna la pili, na hakuna bodaboda.

Boksi za kuchongwa Ndeeba, hapa Kampala, ni za bei nafuu. Kama fundi hajui spika hiyo inataka ujazo gani wa boksi, mwache.

Kuhusu bei, nimechoka. Unauliza bei, unaulizwa una ngapi. Ukitaja kanisa, inapanda. Wengine wanataja dola, kisha wanakutajia kodi ya asilimia 18 kana kwamba ni zawadi wanayokupa, na risiti ya kodi hiyo ukiiomba haionekani. Ukitoa multimita wanasema utaunguza spika. Betri ya volti 9 haiunguzi spika ya wati 300. Anayekataza kupima anajua utakachokikuta.

Na wote hao watakuuzia waya wa gitaa uutumie kati ya ampu na boksi. Ule ni mwembamba, umetengenezwa kwa mawimbi madogo, utapata moto. Nenda duka la vifaa vya ujenzi, kata mita mbili za waya wa umeme wa nyuzi mbili, milimita za mraba 1.5 au 2.5, mpe fundi aungishe jeki. Kama ampu na boksi vina tundu la Speakon, lile la spika tu ambalo plagi yake hufungwa kwa kuzungusha, tumia hilo, kwa sababu hakuna mtu atakayeuchomeka waya wake kwenye gitaa kwa bahati mbaya.