Emajensi walikouliza habari ya mkojo: nyota 4 kati ya 5

Naandika hii bado nina usingizi wa siku nne ila naona niandike sasa hivi kabla sijasahau, maana kila siku watu wanauliza emajensi ipi nzuri hapa Dar ukiwa na mgonjwa usiku na majibu yanayokuja ni ya viyoyozi na pa kupaki gari na kama bima inapokelewa. Mi nitasema nilichokiona kwenye figo tu, basi. Jina la hospitali siweki kwa sababu nina na malalamiko, ila ni mojawapo ya zile kubwa.

Mgonjwa ni baba mdogo wangu, miaka 61, kilo 70 hivi, ana presha na kwa miaka sita anameza losatani pamoja na kile kidonge cha kukojosha maji. Siku mbili alikuwa anaharisha na kutapika, na mgongo ukawa unambana kwa hiyo akawa anameza diklofenaki za duka la dawa asubuhi na jioni. Jioni ya siku ya pili walimpeleka zahanati ya jirani, malaria hakuna, wakampa dripu moja na sindano, na ile sindano nayo kumbe ilikuwa diklofenaki nyingine, wakamwambia akapumzike nyumbani. Hakuna aliyemuuliza mkojo. Mi mwenyewe ni nesi, nafanya wodi ya wazazi, nilikuwepo pale sebuleni nimekaa naye na wala sikumuuliza, na hilo linaniuma mpaka naandika hapa.

Saa nne usiku akawa analegea tukampakia kwenye bajaji tukaenda.

Pale mlangoni walituchukua haraka kweli, hazikufika dakika kumi, presha 88 kwa 50, mapigo 118, wakamlaza sehemu ya wagonjwa mahututi. Hapo ndo akaja yule sista, binti mdogo tu, akamwamkia shikamoo baba, halafu swali lake la kwanza baada ya jina likawa "baba, mara ya mwisho umekojoa saa ngapi?" Baba mdogo akajibu nimekojoa mwanangu, nakojoa vizuri. Yule binti hakuandika. Akaniangalia mimi, akamwangalia mama mdogo, akasema naomba mtupishe kidogo, akavuta pazia. Mzee gani wa kwetu atasema habari za mkojo wake mbele ya mtoto wa kaka yake? Tukiwa nje ya pazia namsikia anaulizwa taratibu, kwa heshima, na jibu la kweli likatoka, tangu jana asubuhi amekojoa mara moja, kidogo, rangi kama ya chai ya rangi. Aisee nilisikia mwili wote umepoa. Kwa hilo pazia peke yake ningewapa nyota zote tano.

Kwa nini nasisitiza mkojo, kwa wasiojua. Figo ikiumia ghafla mara nyingi huhisi maumivu yoyote. Unaweza usione kichomi wala homa, mgonjwa anaonekana tu amechoka kama mtu yeyote aliyeharisha siku mbili, na ndo maana inawapita watu wengi pale pale emajensi. Mwongozo wa 2012 wa KDIGO, lile kundi la kimataifa la wataalamu wa figo, ambao madaktari dunia nzima wanautumia una njia mbili za kuigundua. Ya kwanza ni mkojo kupungua chini ya nusu mililita kwa kila kilo kwa saa, kwa masaa sita, kwa hiyo mtu wa kilo 70 anatakiwa kutoa angalau mililita 35 kila saa, kama nusu ya kikombe kidogo cha kahawa hivi. Ya pili ni kreatinini kwenye damu, yaani ule uchafu wa misuli ambao figo ndo inautoa, ikipanda kwa maikromoli 26.5 kwa lita ndani ya masaa 48, au ikifika mara moja na nusu ya ile ya kawaida yake ndani ya siku saba. Sasa shida ya kreatinini inachelewa, figo inaweza kuwa imeshaumia tangu asubuhi na kipimo cha jioni kikasoma kawaida kabisa, na kwa mzee aliyekonda ndo inadanganya zaidi kwa sababu misuli yake inatengeneza kidogo. Mkojo unawahi kusema.

Walikuwa na kamashine ka mkononi kama kale ka kupima sukari, tone la kidole, nusu dakika jibu la kreatinini limetoka, 212. Daktari akasema haka kananisaidia kuanza ila siwezi kukategemea peke yake, akachukua na damu ya mshipani ikapelekwa maabara. Halafu akauliza kitu ambacho ndo kilimaliza kesi yote, mna daftari lake la kliniki? Mama mdogo, Mungu ambariki, alikuwa amelibeba kwenye mkoba pamoja na dawa zake zote. Miezi mitano nyuma kreatinini ilikuwa 88. Kwa hiyo 212 ni zaidi ya mara mbili, hatua ya pili kati ya tatu za figo kuumia ghafla. Bila lile daftari angejuaje kama ni figo mbovu za miaka mingi za mgonjwa wa presha au ni jambo la siku mbili?

Akaweka ultrasaundi hapo hapo kitandani, kibofu karibu kitupu, figo hazijavimba, kwa hiyo siyo tezi dume imeziba. Potasiamu, ile chumvi ya damu ambayo ikizidi inaweza kusumbua moyo, ilikuwa imepanda, 5.8, wakapima umeme wa moyo ukawa sawa. Wakamuwekea mpira wa mkojo. Alinielezea vizuri sana zile dawa: mwili umekauka, losatani inazuia figo kuishikilia presha yake ya ndani, kidonge cha maji kinaendelea kukausha, diklofenaki inabana damu inayoingia kwenye figo, dawa tatu zimekutana kwa mtu mmoja anayeharisha. Zote zikasimamishwa. Dripu ya ringa laktate lita moja, kisha akaja akasikiliza mapafu kwanza kabla ya kuongeza nyingine, hakumwagiwa maji tu ovyo. Na hela ya vipimo waliidai baadaye, walipima kwanza.

Sasa nyota moja nimeitoa wapi. Jibu la maabara lilichukua masaa matatu kasoro na nilikwenda dirishani mara nne. Kubwa zaidi ni zamu ilipobadilika asubuhi. Kuanzia saa kumi na mbili mpaka saa tatu karatasi ya mkojo ilikuwa tupu, hakuna aliyesoma mfuko, mi ndo nikawa naandika kwenye kipande cha boksi la dawa, 20, 25, 40. Mgonjwa ambaye hana ndugu nesi pembeni nani angemwandikia? Niliwaambia, walipokea vizuri, kuanzia hapo ikaandikwa kila saa, ila isingetakiwa nisubiri mpaka niseme.

Kreatinini walirudia asubuhi, 224. Mama mdogo akaanza kulia, lakini daktari alishatuonya usiku kuwa inaweza kupanda kidogo kabla ya kushuka na tuuangalie mkojo, na mkojo ulikuwa umeshafika 60 kwa saa. Kesho yake 176, iliyofuata 121, siku ya nne tukaruhusiwa. Dialisisi, ile mashine ya kusafisha damu, hakugusa.

Ukienda emajensi yoyote ile na mtu mzima anayeharisha au kutapika beba daftari la kliniki na dawa zote alizomeza, na za duka la dawa pia hata kama ni panadol, useme mwenyewe mara ya mwisho amekojoa lini usisubiri kuulizwa, na wakisema kreatinini iko sawa waulize inarudiwa saa ngapi.

Karatasi ya kutoka wameandika losatani asirudie mpaka apimwe wiki ijayo, diklofenaki na dawa za maumivu za jamii yake asiguse tena, akiharisha siku nyingine apige simu kwanza kabla ya kumeza vidonge vya presha, na baada ya miezi mitatu arudi waone kama figo zimerudi kabisa. Hiyo tarehe nimeiweka kwenye simu yangu na ya mama mdogo.