Risasi tano mfukoni: miaka mitatu na bastola ndogo ya silinda

Nilipopata kibali cha kubeba silaha, kichwani nilikuwa na sharti moja tu: bastola ya silinda, ile inayozungusha risasi zake kwenye tundu tundu, iwe nyepesi kuliko zote. Nikashikishwa moja yenye bodi (kiunzi kinachoshika silinda na mtutu) ya aloi ya skandiamu, haifiki hata gramu 350, kaliba .357 Magnum, yaani ya risasi zenye nguvu nyingi. Nikacheka. Ilikuwa kama kichezeo. Nikailipia siku hiyohiyo bila kufyatua hata risasi moja. Jina la kampuni naliacha, maana yaliyofuata niliyataka mwenyewe.

Siku ya kwanza kiwanja cha shabaha nilijaza risasi tano za Magnum. Ya kwanza ilitoka na mikono yangu ikaruka juu hadi usawa wa paji la uso. Ya pili, niligundua nimefumba macho kabla hata ya kuvuta triga. Ya tatu ilinichubua ile ngozi laini iliyo kati ya kidole gumba na cha shahada. Ya nne haikutoka. Navuta triga, haiendi. Nasukuma silinda ifunguke, haifunguki. Mwalimu akanisogelea, akaniambia niuelekeze mtutu kwenye tuta nisiguse kitu, akachungulia kwa ubavuni.

"Risasi yako imechomoka kwenye ganda, kaka. Hii bastola ni nyepesi mno kwa hizo risasi ulizokuja nazo."

Sikuwa nimewahi kulisikia jambo hilo, kwa hiyo nalieleza. Bastola ikirudi nyuma kwa kishindo, maganda yaliyobaki kwenye silinda yanarudi nayo, ila vichwa vya risasi ni vizito na vinabaki nyuma ya safari. Kila mpigo unavichomoa kidogo. Kimoja kikitokeza mbele ya uso wa silinda, kinagota kwenye bodi na mzunguko unaishia hapo. Bastola ikiwa nyepesi inarudi kwa kasi zaidi, na kasi hiyo ndiyo inayochomoa. Mwalimu aliifungua mwenyewe, taratibu, mezani, kwa nyundo ndogo ya plastiki. Ilimchukua muda. Tangu siku ile, mtu akiniambia bastola ya silinda haigomi, nanyamaza tu. Inagoma mara chache, kweli, lakini ikigoma hutaitatua ukiwa umesimama mbele ya mtu anayekutaka shari.

Niliiuza ndani ya mwezi. Safari ya pili nikaja na kipimo changu: nitachukua ile ambayo naweza kupiga nayo risasi 50 kwa mkao mmoja bila kutamani kurudi nyumbani. Nikaazima na kukodi kila iliyopatikana.

Nilianza na za chuma kitupu. SP101 ya Ruger ina uzito wa zaidi ya gramu 700, na ukiitia risasi za .38 Special, zenye nguvu ndogo zaidi, badala ya Magnum (matundu ya .357 yanapokea zote mbili, ila ya .38 hayapokei .357) inatulia mkononi kama jiwe la kusagia. Nilipiga 50 nikatamani nyingine. Smith & Wesson 640, nayo ya chuma, imezidi kidogo gramu 600 na ni tamu vilevile. Ukiwa mtu wa mkanda mgumu na ala ya kiunoni, usihangaike kusoma zaidi, chukua mojawapo kati ya hizo. Mimi ni mtu wa mfukoni. Nilitembea na SP101 kwenye mfuko wa suruali nusu siku, suruali ikawa inashuka upande mmoja na kila hatua bastola inanigonga paja.

Rafiki yangu ana Colt Detective Special aliyorithi, muundo uliotoka mwaka 1927, nayo inabeba risasi sita mahali ambapo wenzake wanabeba tano. Nilipenda kila kitu chake isipokuwa nyundo ya nje (kile kipande cha nyuma kinachogonga risasi), ambayo ilinasa kwenye pindo la mfuko mara mbili kati ya kumi nilipojaribu kuichomoa ikiwa tupu. Na pale ndipo nilipojifunza kwamba komeo la silinda si moja kwa wote: la Colt unalivuta nyuma, la Smith & Wesson unalisukuma mbele, la Ruger unalibonyeza ndani. Mtu ukizoea moja, ukishika nyingine kidole kinatangatanga.

Zikabaki mbili. LCR ya Ruger, iliyoingia sokoni 2009, sehemu yake ya nyuma inayobeba triga ni ya plastiki ngumu, na ya .38 ina takriban gramu 380. Triga yake ndiyo laini kuliko zote nilizojaribu. Inavutika mfululizo, bila ile hali ya kuwa ngumu zaidi kuelekea mwisho. Sura yake, niseme ukweli, ni ya bomba la maji. Ya pili ni Smith & Wesson 642: bodi ya alumini, silinda na mtutu wa chuma cha pua, gramu 400 na ushee, urefu wa sentimita 16 hivi kutoka ncha hadi ncha.

Niliishia kwa 642. Sababu ni ndogo kiasi cha kuchekesha: mpini wake ulikaa kwenye kiganja changu, na mgongo wake umeviringana kiasi kwamba mfukoni haionyeshi umbo la bastola. Nyundo imefichwa ndani kabisa ya bodi. Ukoo wake ni wa zamani. Bodi hii ndogo ya risasi tano ilianza mwaka 1950 kwa jina la Chiefs Special, na miaka miwili baadaye ikaja Centennial, ya kwanza katika ukoo huo kufichwa nyundo. Kwa kuwa hakuna nyundo ya kuvuta kwa gumba, kila risasi inatoka kwa kuvuta triga safari nzima. Hakuna njia ya mkato.

Na triga hiyo ndiyo mtihani. Inataka nguvu ya kilo tano na zaidi, wakati bastola yenyewe haifiki hata nusu kilo. Kidole kinavuta mzigo mkubwa kuliko kitu kinachovutwa, kwa hiyo mtutu unayumba kushoto kulia kabla risasi haijatoka. Wengi wanasema hizi bastola fupi hazilengi vizuri. Zifunge kwenye kishikizo imara uone. Zinalenga kuliko sisi. Tatizo ni huo mvuto, na vilengeo ambavyo kwenye 642 ni mfuo uliochongwa juu ya bodi na kijinundu mbele, vyote rangi moja. Nilikipaka kijinundu rangi ya kucha nyekundu, juu ya tabaka jeupe ili iwake. Chupa niliiba kwenye meza ya mke wangu. Ndilo badiliko lililonisaidia zaidi ya yote, na halikunigharimu isipokuwa maneno mawili matatu.

Kwa mvuto nilifanya zoezi la sarafu. Bastola tupu, imekaguliwa mara mbili tundu kwa tundu, risasi ziko chumba kingine, mtutu umeelekea ukuta usiopitisha risasi. Unaweka risasi bandia kwenye silinda, unalaza sarafu juu ya kilengeo cha mbele, unavuta triga hadi ilie bila sarafu kuanguka. Wiki ya kwanza sarafu ilikuwa sakafuni kila mara. Nilifanya dakika kumi kila jioni, na baada ya miezi miwili nikawa naivuta mara tano mfululizo sarafu imelala. Kiwanjani, kwa mita tano, risasi zangu tano zikaanza kuingia kwenye mduara wa kiganja. Kwa mita kumi na tano bado ni bahati nasibu, sitawadanganya.

Risasi zenyewe nilibadilisha pia. Mtutu wa chini ya sentimita tano hauipi baruti nafasi ya kumaliza kazi yake, hivyo risasi nyingi za kupanuka, zile zinazotanuka zikigonga, haziwi na kasi ya kutosha kupanuka, na zile za nguvu zaidi zinakurudishia maumivu yote bila kukupa faida yote. Mimi natumia za kichwa bapa cha madini laini ya risasi, gramu 9.6 hivi, zile zilizotengenezwa kwa ajili ya mashindano ya shabaha. Hazirudi kwa ukali na zinapiga palepale ninapolenga. Ubaya wake ni kwamba uso wake bapa ni mgumu kuuingiza kwenye tundu kwa haraka, kwa hiyo akiba ninayobeba ni ya vichwa vya mviringo, imepangwa kwenye ukanda wa mpira unaolala bapa mfukoni kama funguo.

Kujaza upya ndiko mahali bastola hii inakukumbusha ni ndogo. Kijiti cha kusukumia maganda ni kifupi kuliko maganda yenyewe, kwa hiyo hakiyatoi yote kwa safari moja. Lazima uinue mtutu juu kabisa na kukipiga kijiti kwa kiganja kwa nguvu, mara moja. Ukikisukuma kwa upole huku bastola imelala, ganda moja linaweza kuteleza chini ya kile kinyota cha kuyatolea, na hapo umepata kazi ya kucha na matusi. Hata chembe za baruti zisizoungua zikikaa chini ya kinyota zinatosha kuifanya silinda iwe nzito kuzunguka. Mimi nina mswaki wa zamani kwa ajili ya sehemu hiyo tu.

Kuna jeraha moja ambalo ni la ujinga wangu mtupu. Nilikuwa nimezoea bastola za magazini (kisanduku cha risasi kinachoingia mpinini), ambako vidole gumba vyote viwili unavinyoosha mbele ubavuni. Kwenye bastola ya silinda, kati ya silinda na mtutu kuna upenyo mwembamba kama karatasi, na kila risasi inapotoka gesi ya moto inapenya hapo pembeni kama kisu. Nilinyoosha gumba la kushoto likafika pale. Alama bado ipo, ina weusi wa baruti ndani ya ngozi. Vidole gumba vikunje chini, kimoja juu ya kingine.

Kuhusu kubeba, lazima iwe na ala hata mfukoni, ala ngumu kiasi cha kufunika triga yote, na mfuko huo usiwe na kitu kingine kabisa: si funguo, si sarafu, si leso. Nimebeba hivyo kila siku, na jambo ambalo hakuna aliyeniambia ni vumbi. Mfuko wa suruali unazalisha nyuzinyuzi usizoamini. Mwezi wa kwanza niliifungua bastola nikakuta mpira wa pamba ya bluu umejikunja ndani ya matundu, mzuri kama kiota. Sasa kila Jumapili naitoa risasi, naifuta, napitisha kitambaa mtutuni, nakagua skrubu, naijaza. Risasi za kubeba naziwekea alama na kuzipiga kiwanjani baada ya miezi michache, kwa kuwa jasho linazifikia. Ukiketi garini, usisahau kwamba mfukoni haitoki kirahisi. Hilo halina dawa niliyoipata. Usiku inaingia kwenye sanduku la namba. Nina watoto.

Je, leo ningemshauri mtu achukue bastola ya silinda? Itategemea. P365 ya SIG Sauer ilipotoka 2018 ikiwa nyembamba hivyo na risasi kumi kwenye magazini, hoja ya ukubwa ilikufa. Mtu wa kubeba kiunoni, anayepiga shabaha mara kwa mara, atafaidi zaidi huko. Zilizobaki kwa silinda ni hizi: inafyatuka hata ikiwa ndani ya mfuko wa koti, haina cha kuvuta nyuma kabla ya kuanza, haijali umeishika kwa ulegevu kiasi gani, na ikitokea risasi mbovu unavuta tena tu, inakuja nyingine. Na inaingia mfukoni kama vile mfuko ulishonwa kwa ajili yake. Mimi hiyo ya mwisho ndiyo iliyonifanya niibebe badala ya kuiacha kabatini.

Mke wangu, ambaye alidai fidia ya rangi yake ya kucha kwa kuja kiwanjani, aliipiga 642 mara tano akaniwekea mezani. "Hii inaumiza, mume wangu, na wewe umeizoea tu." Akajaribu LCR ya .22, inayobeba risasi nane; akaupenda mrejeo wake, akalalamikia triga. Mwishowe akaangukia Smith & Wesson 432 UC, iliyotoka 2024, ukubwa uleule wa 642 lakini kaliba ndogo zaidi ya .32 H&R Magnum, kwa hiyo matundu ni sita na hairudi kwa ukali. Vilengeo vyake vinaonekana bila kupakwa kitu. Mara ya mwisho tulipokwenda pamoja, kwa mita saba, zake sita zote zilikuwa ndani ya mduara. Zangu zilikuwa nne, na ya tano tuliitafuta sana kwenye karatasi.