CZ 457 Varmint MTR: uzoefu wangu wa mita 50 na mita 100

Anayeuliza kama CZ 457 Varmint MTR inapiga kundi dogo, yaani matundu yaliyokaribiana kwenye karatasi, swali lake bado ni nusu. Nusu ya pili ni hii: kwa risasi zipi, na za fungu gani la kiwandani? Mtutu wa bunduki hii ya .22 LR (risasi ndogo ya kipenyo cha milimita 5.6) ni mzuri kuliko bei yake, lakini unachagua sana chakula. Nimeitumia kulenga shabaha nikiwa nimelala na nikiwa mezani, miguu miwili mbele na mfuko wa mchanga chini ya kitako, kwa mita 50 na mita 100.

457 inatengenezwa Uherský Brod, Jamhuri ya Czech, na ndiyo iliyochukua nafasi ya 455. Aliyetumia ile ya zamani ataona tofauti kwanza kwenye bolti, kile kifungio cha nyuma ya mtutu. Mkono wake sasa unainuka nyuzi 60, si 90, kwa hiyo hata ukifunga darubini nene vidole havigongi. Kitufe cha usalama nacho kimegeuzwa: sasa ukikisukuma mbele ndipo bunduki iko tayari kufyatua, kinyume cha 455. Mwenye mazoea ya zamani ajizoeze bila risasi mpaka kidole kijifunze upya. Hili si jambo la kupuuza hata kidogo.

Kinachoitofautisha MTR na ndugu zake ni chemba, yaani nafasi ya nyuma ya mtutu inamokaa risasi. Imechongwa kwa vipimo vya mashindano, finyu kuliko chemba ya kawaida. Ukifunga bolti, mwishoni kabisa unahisi upinzani mdogo. Hapo ncha ya risasi inagusa mwanzo wa mifereji ya ndani ya mtutu. Ndivyo inavyotakiwa, kwa sababu risasi huanza safari ikiwa imeshikwa katikati. Lakini kuna gharama zake. Risasi za kasi kubwa zenye ganda refu kupita kawaida usiziingize humu, na zenyewe huandikwa onyo hilo kwenye boksi. Pia, ukiitoa risasi ambayo hujaifyatua, toa taratibu, mdomo wa mtutu ukielekea kwenye shabaha. Ikishikwa sana, ganda linaweza kutoka peke yake, punje za baruti zikamwagika ndani na kichwa kikabaki mtutuni. Hapo acha kila kitu, usiingize risasi nyingine, kisukume nje kwa ufito wa kusafishia.

Triga inarekebishika kuanzia kama gramu 800 hadi kilo moja na nusu. Nimeiweka chini kabisa na inakatika safi. Mtu aliyezoea triga za mashindano za gramu 100 ataiona nzito, lakini kwa bunduki inayopumzika juu ya mfuko gramu 800 zinatosha. Baada ya kurekebisha, funga bolti kwa nguvu mara kadhaa bila risasi na ugonge kitako kwa kiganja. Pini ikijifyatua yenyewe umelegeza kupita kiasi, rudisha.

Kitako ni cha mti, na sehemu ya kuegemeza shavu haipandi wala haishuki. Kwa darubini yenye lenzi kubwa ya mbele shavu linabaki hewani, na jicho lisilotulia sehemu moja haliwezi kukupa makundi yanayofanana. Mimi nimefunga pedi ya sponji ngumu yenye mkanda. Haivutii macho, ila kazi inafanya. Na kwa wanaofikiria mashindano ya mita 50 ya ISSF, shirikisho la kimataifa la michezo ya kulenga shabaha, jueni mapema kwamba kule darubini hairuhusiwi, na MTR haina vilengeo vya chuma. Hii ni bunduki ya mezani na ya mashindano ya darubini.

Sasa kazi ya kuifunga, kwa maana hapa ndipo watu wengi wanapolaumu mtutu bila kosa lake. Reli ya juu ni ya milimita 11, aina ya mkia wa njiwa. Nunua pete za kipimo hicho, na kaza pete kwenye reli kabla ya kukaza vifuniko vya pete vinavyoishika darubini, skrubu moja moja kwa kupishana ili nafasi za pande mbili zilingane. Halafu skrubu mbili zinazoshika bunduki kwenye kitako. Tumia bisibisi yenye kipimo cha nguvu. Mimi nimetulia kwenye Newton-mita 2.5 kwa zote mbili. Kwa 2 nilikuwa napata risasi moja inayokimbia kundi, kwa 3 sikuona faida yoyote, na mti ukikazwa sana unabonyea. Mti unanyonya unyevu, kwa hiyo msimu ukigeuka kagua tena. Kisha pitisha karatasi kati ya mtutu na kitako kuanzia mbele: inatakiwa iteleze hadi karibu na chemba bila kukwama. Ikikwama, mtutu unaegemea mti, na makundi yatahama kadiri bunduki inavyopata joto.

Jambo moja ambalo wenye bunduki nyingi hawana: mtutu wa 457 unashikwa na skrubu mbili tu na unabadilishwa nyumbani. Ni rahisi na ni faida kubwa, lakini maana yake ni kwamba skrubu hizo nazo zinaweza kulegea. Kundi likifumuka ghafla bila sababu, na pete za darubini ni nzima, kagua hapo kabla ya kuuza bunduki.

Tuje kwenye risasi. Nitataja nilizopata kuzilinganisha vizuri. Lapua Center-X, iliyokadiriwa kasi ya mita 327 kwa sekunde, kwa mita 50 inanipa makundi ya risasi tano yenye wastani wa milimita 11 hadi 13, kutoka katikati ya tundu hadi katikati ya tundu. SK Standard Plus, ambayo inatoka kiwanda kilekile cha Schönebeck, Ujerumani, kwa bei ya chini zaidi, inakaa kati ya milimita 15 na 18. Risasi za bei rahisi za kujifurahisha zinapiga 25 hadi 30, na mara kwa mara moja inaruka nje kabisa. Kwa mita 100 picha inabadilika: Center-X milimita 30 hadi 35, Standard Plus 45 na kuendelea, na zile rahisi sijisumbui nazo.

Ili ujue namba hizo zina maana gani, zipime na karatasi ya ISSF ya mita 50. Duara la 10 lina kipenyo cha milimita 10.4, risasi ina 5.6, na tundu likigusa mstari unapewa pointi ya juu. Kwa hiyo katikati ya tundu inaweza kuwa milimita 8 kutoka kitovuni na bado ukapata 10. Kundi la milimita 16 lililokaa katikati sawasawa ni 10 tupu. Standard Plus inagusa mpaka huo. Center-X inakuachia nafasi ya kukosea upepo kidogo. Tofauti ya bei unaiona hapo.

Kwa nini mita 100 inaadhibu kiasi hicho? Sababu kubwa ni kasi isiyolingana. Risasi ya mita 327 kwa sekunde inaanguka kama sentimita 12 ikifika mita 50, na kama nusu mita ikifika 100, ukihesabu kutoka mstari wa mtutu. Risasi mbili zikitofautiana mita 10 kwa sekunde, kwa mita 50 zinaachana juu na chini kama milimita 7 tu, na unaweza kudhani ni mkono wako. Kwa mita 100 zinaachana sentimita 3. Ukiona kundi la mita 100 limesimama wima, refu na jembamba, acha kurekebisha triga na pumzi, angalia risasi. Likilala kwa upana, huo ni upepo.

Upepo wa pembeni wa mita 1 kwa sekunde, ambao unausikia kidogo tu usoni, unasukuma risasi kama milimita 5 kwa mita 50 na karibu sentimita 2 kwa mita 100. Watu hudhani risasi ya kasi zaidi itapenya upepo. Kwa .22 ni kinyume: inayovuka kasi ya sauti inavutwa nyuma sana na hewa, na upepo unaihamisha zaidi kuliko ile ya polepole. Ndiyo maana risasi zote nzuri za shabaha ziko chini ya kasi ya sauti. Weka vibendera viwili vya utepe mwepesi, kimoja karibu nawe na kingine katikati ya njia, na fyatua vikiwa katika hali ileile. Cha karibu nawe ndicho cha kuamini zaidi, kwani risasi iliyosukumwa mapema ina safari ndefu zaidi ya kuendelea kupotoka.

Narudi kwenye fungu la kiwandani, maana ndilo linaloamua. Kila boksi lina namba ya fungu. Boksi mbili zenye jina moja na namba tofauti ni risasi mbili tofauti kwa mtutu wako. Nimeona fungu moja la risasi ya bei ya kati likishinda fungu jingine la risasi ghali, kwenye bunduki hii hii. Kwa hiyo usinunue boksi kumi za jina lililosifiwa. Nunua boksi moja moja za mafungu manne au matano, zijaribu siku moja isiyo na upepo, ukipata linalopendwa na mtutu rudi haraka ununue katoni nzima ya namba hiyohiyo kabla haijaisha dukani. Mwenye uwezo anaweza kupeleka bunduki kwenye kituo cha majaribio cha mtengenezaji, Lapua wanacho Schönebeck, ambako inafungwa kwenye mashine na kujaribiwa fungu kwa fungu. Kwa bunduki ya daraja hili, naona boksi tano na asubuhi tulivu zinatosha.

Ukibadilisha aina ya risasi, usihesabu za mwanzo. Kila mtengenezaji ana nta au mafuta yake, na mtutu unatakiwa upakwe upya. Mimi hufyatua kati ya 15 na 25 kwenye kifusi ndipo naanza kupima. Wengi wamezitupa risasi nzuri kwa sababu ya kundi la kwanza.

Kupima nako kuna adabu yake. Pima kwa kalipa kutoka ukingo wa nje hadi ukingo wa nje wa matundu yaliyoachana zaidi, kisha toa kipenyo cha tundu. Lakini karatasi hujikunja na tundu mara nyingi ni dogo kuliko 5.6, basi pima tundu moja lililosimama peke yake na utoe hicho. Piga makundi matano ya risasi tano na uchukue wastani, lile baya likiwemo. Kundi la risasi tatu kwa kawaida ni dogo kama moja ya tano kuliko la risasi tano, na la kumi ni kubwa kama robo zaidi, kwa bunduki ileile na mkono uleule. Picha ya kundi moja la risasi tatu lililofunikwa na sarafu haikuambii chochote kuhusu bunduki.

Darubini nayo ina mtego wake hapa. Nyingi zimewekewa paralaksi, yaani umbali ambao alama haihami jicho likihama, ya mita 100 au zaidi. Kwa mita 50, jicho likihama kidogo alama inahama juu ya karatasi. Tafuta yenye kirekebisho kinachoshuka mpaka mita 50 au chini yake, kirekebishe ukitikisa kichwa polepole mpaka alama itulie, na usiamini namba zilizochorwa kwenye kirungu. Ukiipanga kwa mita 50, kupanda hadi mita 100 kunahitaji karibu sentimita 20, yaani mili 2 za darubini (kwa mita 100, mili moja ni sentimita 10). Kwa umbali wa kupita hapo weka reli iliyoinamishwa, la sivyo darubini itafika mwisho wa marekebisho.

Usafi: nta na madini ya risasi havisumbui sana, kinachoharibu kundi ni pete ya kaboni ngumu inayojijenga pale chemba inapoishia. Dalili yake ni bolti kufunga kwa ugumu zaidi na risasi za mara moja moja kukimbia. Lowesha sehemu hiyo kwa kiyeyusha kaboni, iache dakika 10, zungusha brashi ya shaba nyeupe mbele ya chemba, kisha futa kwa vitambaa. Ingiza ufito kutokea nyuma, ukipita kwenye kiongozi kinachokaa mahali pa bolti, na ondoa brashi kabla ya kuurudisha ufito ili isikwaruze mdomo wa mtutu. Baada ya usafi wa namna hiyo mtutu unataka tena risasi zake za kuupaka kabla ya kutulia, kwa hiyo usiusafishe usiku wa kuamkia mashindano.

Ukinunua iliyotumika, angalia mdomo wa mtutu kwa lenzi kama una mkwaruzo, tazama vichwa vya skrubu za mtutu na za kitako kama vimelika, ingiza risasi moja ya shabaha na usikilize bolti inavyofunga, kisha omba upige angalau makundi matatu kwa risasi za fungu lako mwenyewe, si zile atakazokupa muuzaji.